Alama ya Isham

Binamu yangu Vernell Fludd alikuwa msusi wa Pellum, mji mdogo wa Carolina Kusini wenye makanisa mengi kuliko maduka, na katika wilaya yetu nzima alikuwa mwanamke mweusi pekee aliyekusanya pesa za Waasi. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa wengine. Watu walimsema sana. Hata mimi nilimsema, na mimi nilikuwa nakula kwake, nikisuka nywele kwenye kiti cha pili cha saluni, karibu na sinki.

Pesa zenyewe ni zile za karatasi zilizochapwa na majimbo ya Kusini ya Marekani yalipojitenga yasije yakanyang'anywa watumwa wao. Vita vilipoisha hazikununua hata sindano. Wazungu wa kwetu huzitia kwenye fremu na kuzitundika ukumbini, wakazitazama kwa macho ya unyevunyevu. Vernell hakuwa na haja ya fremu. Alitaka noti ya aina moja tu, ile ya dola mia yenye picha ya watu weusi wanaolima pamba kwa majembe. Akiikuta popote, gulioni, kwenye maonyesho ya sarafu, kwenye maduka ya vitu vikuukuu, picha hakuiangalia. Aliigeuza. Noti zile hazikuchapwa kitu mgongoni, ni karatasi tupu. Aliutazama ule mgongo, akashusha pumzi, kisha akanunua kama bei ilikuwa ya maana, au akairudisha mezani.

"Vernell," Shemasi Whaley alimwambia siku moja alipokuja kumchukua mkewe, "hiyo pesa ilipigana vita ili wewe ubaki shambani."

"Ikapigwa," Vernell akajibu bila kuinua macho. "Sasa iko kwenye droo yangu. Inama kidogo, Bi Whaley."

Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa nyumba za nyuma ya kinu cha pamba, mama yake akiwa mpishi wa watu. Aliolewa na Alvin Fludd, mwanamume mpole aliyefariki mapema, na kwa fidia ya kifo chake akafungua saluni. Watoto hakujaliwa. Kanisani aliimba sauti ya pili, na kwenye karata alikuwa mwizi mtupu, ukimshika anacheka. Bei alijua kuibana hadi muuzaji akaona anafadhiliwa. Ninayaeleza haya kwa sababu hiyo tabia ya kubana bei ndiyo iliyotuumiza.

Alichokuwa akitafuta ni alama ya mkono wa Isham. Mama yake na mama yangu walikuwa dada, na Isham alikuwa babu yao. Alikuwa mhunzi, mali ya ukoo wa Haskew, wenye ile nyumba ya nguzo nyeupe mwisho wa Mtaa wa Kanisa. Wakati wa vita walimkodisha kwa wanajeshi, akapelekwa pwani kufua vyuma vya ngome, na ujira wake ukawa unakuja hapa, kwa bibi mwenye nyumba. Uhuru ulipokuja alirudi, akasimama mlangoni na kuomba sehemu ya jasho lake. Yule bibi akafungua mtoto wa meza, akatoa noti ya Kusini ya dola mia, ambayo siku hiyo ilikuwa karatasi iliyokufa. Na kwa kuwa karatasi za kuandikia zilikuwa adimu, akaandika palepale mgongoni mwa noti kwamba Isham amelipwa yote. Akampa kalamu aweke alama yake, maana hakujua kuandika. Isham akaweka, akaiacha noti mezani, akaondoka.

Hapo ndipo hadithi ilipotuuma. Kwetu ilisimuliwa kwa sauti ya chini, tena wageni wakishaondoka. Mama yangu alisema Isham aliogopa, na nani asingeogopa mwaka ule. Mama yake Vernell hakuwa na huruma hiyo. Alikuwa akipika kwa Wazungu mchana kutwa na hasira yote aliileta nyumbani. "Alikuwa mjinga," alikuwa akisema. "Mtu anakuibia, halafu unamtilia sahihi."

Vernell alikuwa akinyamaza tu. Siku mama yake alipozikwa aliniambia jikoni, tukiwa tunafunika sahani za kuku, "Doretha, hata kaburi la Isham hatulijui. Vyuma vyake vyote vimeyeyushwa. Hiyo alama ndiyo kitu pekee mkono wake ulichoacha. Mjinga au si mjinga, nataka kuiona."

Alikwenda kwa Bi Eulalie Haskew, wa mwisho kuishi nyumba ile. Alipokelewa mlango wa jikoni, akaambiwa noti hiyo ilitolewa zamani kwenye harambee ya kanisa lao, ikaenda na upepo. Tangu hapo ndipo akaanza kugeuza migongo.

Bi Eulalie alifariki majira ya kuchipua, mzee sana, na wiki chache baadaye simu ikalia saluni. Ilikuwa Jumatano. Mikono ya Vernell ilikuwa na povu, kichwa cha Bi Whaley kimo kwenye sinki, kwa hiyo akabonyeza spika kwa kiwiko na sote tukasikia.

"Bi Vernell? Naitwa Carlisle Haskew, daktari wa meno kutoka Charlotte. Bi Eulalie alikuwa shangazi yangu."

"Pole kwa msiba, daktari."

"Asante. Nimekuja kuuza vitu vyake, na kila ninayemuuliza habari za noti za Kusini ananitajia wewe. Kuna moja nimeikuta kwenye kabati la vioo. Dola mia, ile yenye wale, wale wakulima."

"Watumwa," Vernell akasema.

"Naam, ndiyo. Mbele ni nzuri sana. Ila mgongoni mtu ameandika kwa wino. Kuna jina, Isham, na maneno kama ya risiti, halafu X kubwa."

Vernell alishika ukingo wa sinki. Povu lilimteremka mkononi hadi kwenye kiwiko na hakulifuta. Bi Whaley alifungua jicho moja akamtazama kutoka chini. Nami nikamsikia Vernell akitoa ile sauti yake ya sokoni, sauti ya mtu anayeonyeshwa kiatu kisicho na soli.

"Aa. Zile zilizoandikwaandikwa."

Sauti hiyo alifundishwa na wanaume wa maonyesho ya sarafu. Alipokuwa mgeni kwenye biashara hiyo aliwahi kuguna kwa furaha mbele ya noti nzuri, na mwenye meza, Buddy Clontz wa wilaya jirani, akaongeza bei hapohapo huku akimwangalia usoni. Toka siku hiyo Vernell aliapa hakuna Mzungu atakayejua anachokitaka. Kitu akikipenda, alikiponda.

"Maandishi yanashusha bei, daktari," akaendelea. "Wanunuzi wanataka mgongo safi. Ikishachorwa hivyo, mpe mtoto achezee."

"Kwa hiyo wewe hutaitaka?"

"Sijasema siitaki. Nikipata nafasi nitapita niiangalie."

"Basi njoo Jumamosi, ndiyo siku ya kuuza. Nisingependa kukukosa. Ila siwezi kukuwekea kando, dada yangu anasema kila kitu kiende kwa foleni."

"Sawa tu, daktari."

Alikata simu, akajikokota hadi kiti cha kikaushio, akakaa. "Doretha," akasema, "ipo."

"Mpigie sasa hivi. Mwambie ni babu yetu."

"Nimwambie Haskew? Ataona aibu aifiche. Au atampigia Clontz amuulize noti ya mtumwa mwenye jina inauzwa kiasi gani, na mimi na saluni yangu tutabaki tunachungulia dirishani. Wewe hawa watu huwajui."

"Nawajua kama unavyowajua. Mtu amekupigia simu kwa adabu, mwambie ukweli."

"Adabu yao ni mpaka wasikie unahitaji kitu."

"Jamani, maji yananiingia sikioni," Bi Whaley akasema kutoka kwenye sinki.

Siku zilizofuata alikuwa hakai na mtu. Alimuunguza sikio mke wa mwalimu kwa kitana cha moto, jambo ambalo sijawahi kuliona. Chakula hakikupita. Alitoa benki pesa aliyokuwa akiweka kwa ajili ya paa la saluni, akaiweka ndani ya sidiria, na kila mara nikimtazama mkono uko kifuani. Mimi nilikuwa na hasira naye na wakati huohuo nilikuwa nasali. Kama Clontz angeiwahi, ingeishia kwenye sefu ya tajiri fulani na tusingeiona tena maisha yetu.

Uuzaji wa vitu vya marehemu kwetu una taratibu zake. Watu wanafika alfajiri, wanachukua namba langoni, wanakunywa kahawa ya chupa na kutazamana kama maadui, kisha wanaingizwa kwa makundi. Kila kitu kimebandikwa bei, hadi mabakuli ya paka. Tulifika jua halijachomoza, na bado Buddy Clontz alikuwa mbele, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, kofia juu ya goti.

"Vernell," akaita, "umekuja kununua kanda za nywele za Bi Eulalie?"

"Nimekuja kuona kama utawaachia binadamu wengine chochote, Buddy."

"Nasikia humo ndani kuna noti."

"Noti ziko kila mahali."

"Lakini si kila mahali unakuja alfajiri umevaa nguo za kanisani."

Kweli alivaa nguo za kanisani, sketi ya buluu na viatu vya kisigino, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Kundi la kwanza liliingia, na Clontz ndani yake. Sisi tulibaki barazani, tumejibanza kwenye dirisha la sebule. Nilimwona akienda moja kwa moja kwenye kabati la vioo. Alitoa lenzi mfukoni. Aliichukua noti, akaitazama mbele, Vernell akanishika mkono. Akaigeuza. Pete ya Vernell ikaanza kunikata kidole. Clontz akaisogeza noti karibu na uso, akakaa nayo hapo kidogo, halafu akairudisha ndani ya kabati, akafunga kioo na kwenda zake chumba cha vijiko vya fedha.

"Ameiacha," Vernell akanong'ona. "Doretha, ameiacha."

"Ni maandishi," nikasema. "Hakuyapenda maandishi."

"Mwache asiyapende. Mungu ampe afya njema." Alikuwa anacheka na kulia, na mwanamke wa nyuma yetu akasogea pembeni kidogo.

Zamu yetu ilipofika aliingia taratibu, bado anajitahidi kuonekana mtu aliyekuja kutembea tu. Aligusa taa moja. Aligusa kiti. Mimi ningekuwa nimekimbia. Alipofungua kioo cha kabati ndipo nilipoisikia harufu. Ni harufu ya dawa ya kung'arishia nguo. Kila jioni tulifulia taulo za saluni kwa dawa hiyo, tungeitambua hata usingizini.

Vernell aliichukua noti, iko ndani ya mfuko wake wa plastiki. Aliigeuza. Mgongo ulikuwa mweupe kama kola ya shati la Jumapili. Hapakuwa na jina wala neno. Palikuwa na unjano kidogo pembeni, basi.

Akaitazama. Akaigeuza mbele, akaigeuza tena nyuma, kana kwamba ameshika upande usio wenyewe.

"Bi Vernell?" Mwanamume mrefu mwenye tai ya picha za bata alikuja kwetu, uso umejaa furaha. "Ni wewe, nimekutambua sauti pale mlangoni. Nilitumaini utakuja. Unaona? Nimefanya kama ulivyosema."

Vernell aliinua noti kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni ile dawa tunayooshea mzizi wa jino, ndugu ya ile ya kung'arishia nguo," Daktari Carlisle akaendelea. "Niliizimua kwa maji, nikatumia pamba ndogo kwenye kijiti. Nilikaa nayo saa na saa. Maandishi yalitoka vizuri, ila ile X ilinisumbua, wino wake ulikuwa mzito. Lakini sasa una mgongo safi, si ndiyo?"

Nilitaka kumpiga. Sisemi kwa kupamba hadithi, mkono wangu ulishainuka na mkoba ndani yake. Vernell akaushika bila hata kunitazama, akaushusha.

"Daktari," akasema, na ile sauti ya sokoni ilikuwa imetoweka, "Isham alikuwa babu wa mama yangu."

Daktari aliacha kutabasamu kidogokidogo. Akanitazama mimi.

"Na wa mama yangu pia," nikasema.

Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kiti chenye bei imebandikwa mgongoni. Watu walipita wakibeba mashuka na vyungu. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza. "Ningekupa. Ningeileta mwenyewe hadi mlangoni kwako."

Vernell alifumba macho aliposikia hivyo. Mimi nilitaka asiwe amesema kweli, na nilimtazama vizuri nione kama anadanganya, na hakuwa anadanganya.

"Una kalamu?" Vernell akauliza.

"Kalamu?"

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kuiona. Mama hayupo, shangazi yako hayupo. Umekaa nayo saa na saa, umeitazama kuliko mtu yeyote. Nichoree."

Alisogeza sahani za maua zilizokuwa mezani, akachukua karatasi ya kufungia vyombo, akainyoosha kwa viganja. Daktari alitoa kalamu. Aliandika kwanza maneno ya yule bibi wa ukoo wake, polepole, akisimama kukumbuka, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kazi ya mdomoni. *Isham, ujira wa pwani. Amelipwa yote.* Kisha akasita.

"Na X?" Vernell akaweka kidole chini ya jina, mahali ambapo mtu asiyejua kuandika huweka alama yake. "Hapa?"

"Hapana. Hapo palikuwa patupu."

"Wapi basi?"

Akaisogeza kalamu. "Hapa. Juu ya maneno." Akachora mstari mmoja, mrefu, ukapita katikati ya *Amelipwa yote* kutoka pembe hadi pembe. Akachora wa pili. "Huu ulikuwa mzito zaidi. Kalamu ilichimba hata nikaogopa karatasi itapasuka. Halafu alirudia tena juu yake, hivi. Ndiyo maana sikuona shida kuitoa. Nilidhani aliyeandika alikosea, akakata."

Nilielewa nikiwa nimechelewa. Vernell alielewa mstari wa kwanza ulipopita. Niliona mabega yake yakishuka.

"Hakumtilia sahihi," akasema. "Doretha, hakutia sahihi. Alikata maneno yake."

"Mbele yake," nikasema. "Kwa kalamu yake mwenyewe."

"Na Mama amekufa akimwita mjinga."

Daktari alikuwa anatutazama sote wawili, na sijui alielewa kiasi gani, ila uso wake ulikuwa wa mtu anayeona kitu kikubwa kimeanguka na kimevunjika mikononi mwake. Vernell akamsogezea ile karatasi. "Andika chini kwamba uliona hivyo kwa macho yako. Weka jina lako."

Akaandika. Vernell alipotoa pesa kifuani, daktari alizisukuma nyuma, akasema hapana, tafadhali, chukua tu.

"Bei imeandikwa hapo," Vernell akamwambia. "Sitaki kitu cha bure kutoka nyumba hii." Akahesabu bei iliyobandikwa, akaiweka mezani, akachukua noti na karatasi.

Clontz alitukuta mlangoni, amebeba kasha la vijiko. Aliona kilichokuwa mkononi mwa Vernell akatikisa kichwa, bila dhihaka safari hii. "Hiyo imeoshwa, Vernell. Nimenusa. Ingekuwa na maandishi yake ningeshindana na wewe mpaka niuze gari."

"Najua, Buddy," akasema.

Niliendesha mimi. Vernell alikaa na karatasi mapajani, noti juu yake, akaipitishia kidole ile X ya Daktari Carlisle mara nyingi, kufuata mstari mzito. Tulipita kanisa letu, tukapita kinu cha pamba kilichofungwa. Nilidhani atalia na hakulia.

"Neno moja tu," akasema tulipofika kwenye taa. "Ningemwambia Jumatano, daktari, huyo ni babu yangu."

Taa iliwaka kijani na wa nyuma akapiga honi. Nikaondoa gari. Hayo ndiyo niliyomwambia siku ileile, na alijua kwamba nakumbuka.